MIAMBA YA BAHARI NDANI YA KIOO, HUKO BARIADI



Wengi wetu tunao watoto na ndugu waliokwenda bara kutafuta maisha. Wako walimu, wako matabibu, na wako wafanyao biashara ya pamba huko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Mtu aliyekulia pwani akikaa mbali na bahari huingiwa na hamu. Siku hizi hamu hiyo imepata sura mpya. Kijana ataka kuweka sebuleni mwake sanduku la kioo, ndani yake mna maji ya chumvi, matumbawe na samaki wa rangi. Kisha amwomba mzee wake kisiwani ampelekee vitu hivyo kwa boti na kwa basi.

Swali basi ni hili: je, jambo hilo lawezekana kwa mtu mwenye mshahara mdogo? Twapenda kulijibu kwa ukamilifu, kwani ndani yake mna fedha za kijana, mna uhai wa viumbe, na pia mna habari moja ya karafuu yetu ambayo si wanachama wote waijuao.

MAJI YA BAHARI SI MAJI NA CHUMVI TU

Tuchukue sanduku la kadiri: urefu sentimita 80, upana 40, kimo 40. Likijaa pomoni huingia lita 128. Lakini ukiacha nafasi juu, na ukitoa pahali pa mchanga na mawe, hubaki maji yapata lita 110. Maji ya bahari yana kadiri ya gramu 35 za chumvi katika kila lita moja. Kwa hiyo sanduku hili lahitaji chumvi karibu kilo 4 kwa mara ya kwanza tu.

Mtu atasema, "Kilo 4 za chumvi ni kitu gani?" Lakini chumvi ya jikoni haifai. Bahari ina chokaa, magnesi na vitu vingine vingi ambavyo matumbawe huvitumia kujengea mifupa yao. Hata chumvi ya mashamba yetu ya pwani haitoshi. Maji yakaukapo juani, chokaa hutangulia kutua chini. Na magnesi nyingi hubaki katika yale maji machungu yanayomwagwa mwisho. Chumvi inayobaki ni nzuri kwa mchuzi, lakini ukiirudisha majini haifanyi bahari. Hapana budi kununua chumvi maalumu itokayo ng'ambo, au kuchukua maji yenyewe pwani. Nayo maji hayo si ya mara moja. Kila wiki yafaa kubadilisha sehemu moja katika kumi, yaani lita 11. Fikirini mzigo huo kutoka pwani hadi Bariadi, safari ipitayo kilomita 1,000, kila mwezi wa mwaka.

Tena kuna taa. Tumbawe si jiwe, bali ni mnyama. Na ndani ya mwili wake hukaa viumbe vidogo mno vya jamii ya mwani, ambavyo hupika chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenyeji wao. Pasipo taa kali ya namna yake, tumbawe hufa njaa. Likipata joto la kupita kiasi huwafukuza wageni hao, likawa jeupe, na mara nyingi likafa. Wavuvi wetu walioiona miamba ya Misali mwaka 1998, joto lilipopanda katika Bahari ya Hindi, hawahitaji kuelezwa zaidi. Basi nyumba ya mabati huko Bariadi, wakati wa mchana wa jua kali, yaweza kulifanyia sanduku dogo jambo lile lile kwa siku moja. Na umeme ukikatika usiku, pampu husimama, na hewa ndani ya maji hupungua upesi.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni hili. Lawezekana, lakini si kwa mshahara mdogo. Sanduku lenyewe ni gharama ndogo kuliko zote. Chumvi, taa na umeme ndivyo vilavyo fedha, navyo havina mwisho.

MSIPELEKE MATUMBAWE

Jibu la pili ni la katazo. Mzee asimpelekee mwanawe tumbawe hai, hata kipande kama kiganja. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa mataifa uitwao CITES, na kuyavunja miambani bila ruhusa ni kosa. Lakini hata kama pasingekuwa na sheria, akili yakataza. Mwamba ndio nyumba ya samaki tunaowala na ukuta uzuiao mawimbi yasile fukwe zetu. Tumbawe la namna ya kichwa huongezeka kwa milimita chache tu kwa mwaka, na kipande kivunjwacho kwa dakika moja huenda ni kazi ya miaka mingi. Kijana mwenye hamu ya miamba na aje likizo azame Misali au Chumbe, aitazame pale ilipo.

ZIWA LI KARIBU NA BARIADI

Je, tumwambie kijana aache? La. Twamwambia atazame upande wa pili. Kutoka Bariadi hadi Lamadi, katika Wilaya ya Busega, ni kilomita 70 hivi kwa barabara ya lami, na hapo amefika Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Katika ziwa hilo, kwenye miamba ya mawe, hukaa samaki wadogo waitwao furu, ambao kwa rangi hawashindwi na samaki wa matumbawe.

Mmoja wao ana jina ambalo kila Mtanzania atalipenda. Mwaka 1985, mwaka ule Mwalimu Julius Nyerere alipong'atuka katika urais, wataalamu wa Kiholanzi waliokuwa wakichunguza samaki wa Mwanza walimpa furu mmoja jina la nyererei kwa heshima yake. Baadaye, mwaka 1998, aliwekwa katika ukoo ulioitwa Pundamilia, kwa sababu ya mistari myeusi ubavuni. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Jike ni wa rangi ya kijivujivu, lakini ana jambo la ajabu: huyaatamia mayai kinywani mwake, na wiki kama mbili au tatu baadaye huwatema watoto wakiwa wazima. Huko Ulaya na Marekani watu hununua samaki huyu. Kijana wa Bariadi amepakana naye.

Na hapa pana jambo zito kuliko pambo la sebule. Ziwa Viktoria lilikuwa na aina za furu zikisiwazo 500 au zaidi. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara alitiwa ziwani, naye kwa asili hakuwa samaki wa maji hayo. Katika miaka ya 1980 akaongezeka mno, na aina za furu zipatazo 200 zikatoweka au hazikuonekana tena. Sangara hakuwa peke yake. Maji yalichafuka kwa udongo na mbolea vinavyoletwa na mito, na Mto Simiyu ni mmoja wao. Mwaka 1997 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba jike la furu humchagua dume kwa rangi yake. Maji yakiwa na tope, rangi haionekani. Aina huchanganyika, na mwisho mbili huwa moja. Baadhi ya aina zilizopungua sana ziwani zimehifadhiwa katika masanduku ya kioo ya wataalamu na ya watu wa kawaida wapendao samaki. Hivyo sanduku la kioo likitunzwa vyema laweza kuwa ghala la mbegu, kama vile vitalu vyetu vya miche ya mikarafuu.

JINSI YA KULITENGENEZA

1. Kioo kikatwe na fundi wa vioo, unene wa milimita 8, kigandishwe kwa silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo huua samaki. Kiachwe wiki moja kikauke.

2. Meza iwe imara. Kioo, maji, mchanga na mawe pamoja vyapata kilo 170 au zaidi. Iwekwe mbali na dirisha la jua.

3. Mawe yasitolewe ziwani, kwani huenda yakaja na konokono wa kichocho. Vilima vya mawe ya matale vimejaa Usukumani. Achukue ya huko, ayasugue na kuyachemsha. Yapangwe yakae imara, yawe na mapango ya kujifichia.

4. Maji ya bomba yaachwe siku mbili katika madebe yaliyo wazi ili dawa ya klorini itoke. Chumvi haihitajiki hata chembe.

5. Chujio rahisi ni kipande cha sponji kinachovutiwa maji kwa pampu ndogo ya hewa. Pampu itumiayo betri iwe tayari kwa saa za giza.

6. Asitie samaki mara moja. Mavi na mkojo wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Vijidudu vizuri huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo ina madhara kidogo. Vijidudu hivyo huchukua wiki 4 hadi 6 kukaa katika sponji na mawe. Atie chembe za chakula kila siku, na asubiri. Wengi hupoteza samaki wote hapa kwa haraka tu.

7. Kisha atie dume 1 na majike 4 au 5 wa aina moja tu. Aina mbili za furu zisikae sanduku moja, kwani zitachanganyika, na faida yote ya kuhifadhi mbegu itakuwa imepotea. Kabla ya kuwachukua, amwone afisa uvuvi wa wilaya apate maelekezo.

8. Awape chakula kidogo mara moja au mbili kwa siku, kiishacho kwa dakika 2. Kila wiki abadilishe robo ya maji. Sponji ioshwe katika maji yaliyotolewa sandukuni, si ya bomba, ili vijidudu visife.

KARAFUU YETU INAINGIA WAPI?

Sasa twafika penye habari yetu wenyewe. Mafuta ya karafuu, pamoja na yale ya makonyo yanayokamuliwa Wawi, Chake Chake, yana dawa iitwayo yujenoli, ile ile imtulizayo mtu mwenye maumivu ya jino. Wafugaji wa samaki duniani wamejua kwamba dawa hiyo humlaza samaki usingizi, akaweza kutazamwa kidonda au kupimwa bila kupapatika na kujiumiza.

Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo kwanza hutiwa katika spiriti safi, sehemu 1 kwa sehemu 9, yakatikiswa. Ndani ya ndoo ndogo kipimo kiwe kama tone 1 la mafuta yenyewe kwa kila lita 1 ya maji, yaani matone 10 ya mchanganyiko. Samaki hulala kwa dakika chache. Mara mkono umalizapo kazi, atiwe katika maji safi yenye hewa, naye huamka. Akiachwa muda mrefu, au kipimo kikizidi, hafufuki. Kazi hii isifanywe ndani ya sanduku lenyewe, na samaki aliyelazwa hivyo asiliwe.

Twaonya vikali juu ya jambo moja. Katika bahari nyingine wako watu wamwagao mafuta haya miambani ili wakamate samaki wa kuuza. Hiyo ni kuvua kwa sumu: ni kosa, na matumbawe huumia. Mwanachama asikubali jina la zao letu liingizwe katika uharibifu huo.

NENO LA MWISHO

Kijana akichoka na samaki wake asiwamwage mtoni wala bwawani, ampe mwenziwe. Magugu maji yaliyolisonga Ziwa Viktoria tangu mwisho wa miaka ya 1980 ni mmea ambao watu waliusambaza duniani kwa ajili ya ua lake zuri. Na samaki mmoja wa miiba ya sumu, ambaye kwao ni bahari zetu za Hindi na Pasifiki, alionekana Florida mwaka 1985, na yaaminika alitoka katika masanduku ya kioo. Leo amejaa Bahari ya Karibi akila samaki wa watu. Pambo likivuka mpaka wake huwa balaa.

Basi, wazee, mtoto akiwaomba matumbawe, mjibuni kwa upole: bahari iache baharini, wewe tazama ziwa lililo karibu nawe. Na badala ya tumbawe mpelekeeni kichupa kidogo cha mafuta ya karafuu. Mzigo wake ni mwepesi, na ni kazi ya mikono yetu.