Kondoo dume anaporudi nyuma

Kondoo dume akirudi nyuma mbele yako, usidhani amekuogopa. Anatafuta nafasi ya kukimbilia. Atarudi hatua tatu au nne, macho hayakuachi, kichwa kinashuka na kidevu kinaingia shingoni, kisha atakuja mbio na paji la uso mbele. Watoto wa Kasongo na Kabambare, huku Maniema nchini Kongo, wanaotumwa jioni kufungua kondoo wafundishwe dalili hii mapema. Pigo la gotini humwangusha mtoto. Mzee laweza kumvunja nyonga. Ukiona dalili hiyo, usimpe mgongo na usikimbie moja kwa moja mbele yake. Sogea ubavuni mwake, kwa sababu akishashika mbio hageuki upesi.

Kondoo wengi wa huku ni wale wadogo wa manyoya mafupi, wasio na sufu, waliozoea joto na mvua. Majike mara nyingi hawana pembe, au wana vishina tu. Dume ana pembe zinazopinda kwenda nyuma, zikazunguka sikio na kurudi mbele, na wengine huota manyoya marefu shingoni. Homoni za korodani ndizo zinazozikuza pembe hizo: dume akihasiwa angali mdogo, pembe zake hudumaa.

Watu husema dume anapiga kwa sababu ana hasira. Mimi naona neno hilo linamwonea. Madume hugongana ili ijulikane nani mkubwa, maana mkubwa ndiye anayepanda majike. Tena hawaanzi kwa pigo. Hutembea bega kwa bega, hunusana, huinamisha kichwa upande ili mwenzake aone unene wa pembe, hurusha mguu wa mbele. Mdogo akishapima hivyo, kwa kawaida hujiondoa. Wanaofikia kugongana hasa ni wale wanaolingana. Katika nchi za baridi mambo haya huja kwa msimu, siku zinapofupika. Huku karibu na ikweta jike asiye na mimba huhitaji dume kila baada ya siku 17 hivi, mwaka mzima, na ugomvi nao hauna msimu.

Pembe yenyewe ni vitu viwili. Ndani kuna mfupa ulioota kutoka kwenye fuvu, wenye damu na vyumba vya hewa vinavyoungana na vile vya paji la uso. Nje kuna ala ya keratini, kitu kilekile kinachofanya kucha na kwato. Haianguki ikaota nyingine. Hukua maisha yote. Kwa hiyo anayeikata pembe shinani kwa panga ili kumtuliza dume anafungua mlango wa kichwa: damu hutoka kwa nguvu, na nzi hupata pa kutagia. Wala dume hatulii, kwani hata asiye na pembe hupiga kwa paji la uso.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa wanyama hawa hawaumii ubongo hata kidogo. Mwaka 2022 Nicole Ackermans na wenzake walitoa uchunguzi wa bongo za kondoo wa milimani wa Amerika Kaskazini na za maksai wa miski, mnyama wa nchi za barafu anayepigana kwa mtindo huohuo. Walikuta dalili za majeraha, hasa kwa maksai wa miski. Kinga ipo, ila si kamili.

Lakini nyumbani kwetu madhara makubwa hutokana na namna tunavyowafuga. Tazama mbuzi na kondoo wanaolala zizi moja. Beberu hupigana kwa kusimama juu ya miguu ya nyuma kisha kujiachia chini. Kondoo huja mbio chinichini. Beberu akiwa bado amesimama, tumbo na mbavu viko wazi, pigo humfika hapo. Hakuna kati yao aliyekosea; kila mmoja anapigana kama alivyoumbwa. Watenganishe madume yao usiku.

Kamba nayo ni hatari. Dume aliyefungwa hawezi kurudi nyuma wala kujiondoa akishindwa, na aliye huru anaweza kumpiga mpaka shingo ivunjike. Jambo hili huonekana zaidi kuelekea Idi ya Kuchinja. Kasongo ni mji wenye Waislamu tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, na dume mwenye pembe nzuri anapendwa kwa kuwa imepokewa kwamba Mtume alichinja kondoo wawili wenye pembe. Madume wa vijiji mbalimbali hujikuta ua mmoja, hawajuani. Hali ni hiyohiyo kwa familia za Kabambare zilizokimbia vita, zikarudi na kuanza kununua mifugo upya, mmoja huku, mwingine kule.

Madume hao wageni wasiachiwe uwanja mpana siku ya kwanza. Waweke katika kizizi kidogo cha miti, kivulini, wabanane ubavu kwa ubavu, na maji yawepo. Bila nafasi ya kurudi nyuma pigo halina nguvu. Watasukumana, watanusana, na baada ya siku moja au mbili watakuwa wamezoeana. Uwafungue asubuhi ukiwa na muda wa kuwatazama.

Mwanakondoo dume aliyefiwa na mama na kulelewa jikoni anahitaji uangalifu wake. Watoto hupenda kumsukuma kichwani naye awasukume. Akikua anaendelea na mchezo uleule kwa kilo 30, bila woga wowote wa binadamu. Mkune kidevuni au mgongoni, paji la uso liache.

Pembe ikivunjika, bana jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, halafu likague kila siku kama lina funza. Na ikiwa ncha imepinda kuelekea shavuni, kata ncha tu kwa msumeno wa waya. Shika pembe kwanza kwa kiganja ukitoka kichwani kwenda nje: palipo na joto pana damu, palipopoa ndipo pa kukata.