Kumkamata Mwizi Si Kumhukumu

Katika soko la Kamukuywa, kando ya barabara kuu itokayo Kitale kwenda Webuye, ukelele wa "Mwizi!" hauhitaji kurudiwa. Mama aliyekuwa akipima maharagwe huacha debe lake, waendeshaji wa bodaboda huwasha pikipiki zao, na vijana huinama kuokota mawe. Kwa dakika chache mtu mmoja yuko chini, na watu wengi wamemzunguka. Wengi miongoni mwao hawakuona kilichoibwa, wala hawamjui aliyepiga ukelele wa kwanza.

Hasira yao haikosi sababu. Katika nchi hii ya mahindi na miwa, ng'ombe mmoja wa maziwa ndiye karo ya shule, ndiye dawa ya mgonjwa, na ndiye akiba ya nyumba nzima. Tena watu wa Bungoma na Busia hawajasahau mwaka 2013, magenge yenye mapanga yalipovamia nyumba za watu usiku, yakaua na kujeruhi. Basi raia akiuliza, "Je, nikimwona mwizi zizini mwangu, nikae kimya mpaka polisi wafike?" swali lake ni la haki, nalo lastahili jibu lililo wazi.

Sheria haimwamuru akae kimya. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Kenya ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai chamruhusu mtu asiye askari kumkamata mtu mwingine bila hati ya mahakama. Aweza kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi wangeweza kumkamatia bila hati. Aweza pia kumkamata mtu ambaye kwa sababu za maana amshuku kuwa ametenda kosa kubwa la jinai. Tena mwenye mali, watumishi wake na wale aliowapa ruhusa waweza kumkamata mtu wanayemkuta akitenda kosa la kuiharibu mali hiyo.

Ruhusa hiyo ina mipaka, na hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Tuchukue mfano wa mkulima aishiye karibu na mto Kamukuywa. Saa tisa za usiku asikia mbwa wakibweka, atoka na tochi, na kumwona mtu akimvuta ng'ombe wake kwa kamba. Apiga ukelele, majirani watoka, mwizi ashikwa kabla hajafika barabarani. Mpaka hapa mkulima hana kosa lolote. Hata kama mwizi alipigana, sheria humruhusu mkamataji kutumia nguvu zinazohitajika ili kumshika, mradi zisizidi kiasi kinachofaa kwa hali ile.

Lakini sasa mwizi amefungwa mikono, ameketi chini, na watu wanasubiri neno la mwenye ng'ombe. Dakika hii ndiyo ya hatari kuliko ile ya mapambano. Kazi ya kumkamata imekwisha, na kila pigo litakalofuata halina tena ulinzi wa sheria. Mwizi wa ng'ombe aweza kufungwa mpaka miaka 14. Mtu aliyempiga na kumjeruhi aweza kufungwa mpaka miaka 5. Aliyemtia kilema aweza kufungwa maisha. Mwizi akifa, walioshiriki waweza kushitakiwa kwa mauaji, ambayo adhabu yake kubwa katika Kenya ni kifo. Hivyo mwenye mali aweza kutoka nyumbani akiwa mlalamikaji, na kabla ya jua kuchomoza akawa mshitakiwa, huku ng'ombe wake akiwa salama zizini.

Wala mtu asidhani kwamba atajificha katika wingi wa watu. Wanaoungana katika nia moja mbaya huweza kuhesabiwa pamoja: aliyeshika miguu, aliyeleta kamba, na aliyenunua petroli. Neno "sote tulikuwapo" halimwokoi mtu mahakamani. Huenda likawa ndilo ungamo lake.

Kuna mtego mwingine ulio wa kimya zaidi. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo chaagiza kwamba mtu aliyekamatwa na raia akabidhiwe kwa askari polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na kama askari hayupo, apelekwe kituo cha polisi kilicho karibu. Kumfungia ghalani siku mbili mpaka shangazi yake alete fedha, kumtembeza sokoni akiwa na kamba shingoni, au kumwachilia kwa malipo ya siri, yote hayo yaweza kumtia mkamataji mwenyewe hatiani. Katiba ya mwaka 2010 humpa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia siku au saa ambazo mahakama haiketi.

Na itakuwaje ikiwa aliyeshikwa si mwizi? Mwezi wa Agosti 2021, karibu na Kitengela katika Kaunti ya Kajiado, vijana wanne waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wezi wa ng'ombe. Jamaa zao walisema kwamba watoto wao hawakuwa wezi. Hakuna hakimu aliyepata nafasi ya kuwauliza vijana hao swali hata moja, wala hakuna hukumu iwezayo kuwarudisha.

Jambo hili si la Kenya pekee. Mwezi wa Februari 2020, katika jimbo la Georgia, Marekani, Wazungu watatu walimfuatia kwa magari kijana Mweusi, Ahmaud Arbery, aliyekuwa akikimbia mtaani, na mmoja wao akamwua kwa bunduki. Mahakamani walijitetea kwamba walikuwa raia wanaomkamata mtu waliyemshuku kwa wizi. Jopo la waamuzi lilikataa utetezi huo, na mwaka 2022 wote watatu walihukumiwa kifungo cha maisha. Sheria ya jimbo hilo waliyoitegemea, iliyotungwa mwaka 1863, ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 2021.

Zaidi ya sheria, kuna hatari ya mwili. Mwizi wa usiku mara nyingi haji peke yake, na aliyeshika kamba huenda ana mwenzake gizani mwenye panga. Ng'ombe aweza kununuliwa tena. Baba wa watoto hanunuliki. Ikiwa mwizi ana silaha, ni heri kuwaita majirani, kupiga simu 999 au 112, na kukariri alama zake: urefu, mavazi, namba ya pikipiki, na njia aliyoshika, kama ni ya Kiminini au ya Webuye.

Akishikwa, afungwe kiasi cha kumzuia asitoroke tu. Watu wawili au watatu wenye busara wamlinde dhidi ya umati. Mzee wa kijiji na naibu wa chifu waarifiwe, lakini habari zao zisichukue mahali pa polisi. Kamba, panga na mnyama viwekwe kama vilivyokutwa, maana ndivyo ushahidi. Kisha mwenye mali aandikishe maelezo yake, na siku ya kesi itakapotajwa, aende kutoa ushahidi. Kesi nyingi huanguka kwa sababu wale waliopiga kelele nyingi usiku hawaonekani mahakamani mchana.

Wahenga walisema kwamba siku za mwizi ni arobaini. Hawakusema kwamba ikifika siku ya arobaini kila jirani ageuke hakimu na mnyongaji. Mkulima wetu wa Kamukuywa, akimkabidhi mtu wake kituoni na kurudi nyumbani kukamua, amelinda ng'ombe wake, jina lake na watoto wake. Akisema neno moja la hasira mbele ya umati ule, aweza kuvipoteza vyote vitatu kabla ya mapambazuko.