Saratani ya utumbo mpana: kipimo kizuri bila mwitikio hakiokoi

Oktoba 2022, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo yaliyozua mjadala mkali miongoni mwa madaktari. Watu 84,585 wa Poland, Norway na Sweden, wenye umri wa miaka 55 hadi 64, walikuwa wamegawanywa bila upendeleo. Theluthi moja walialikwa kufanyiwa kolonoskopia, uchunguzi ambao mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa njia ya haja kubwa ili kukagua utumbo mpana. Waliobaki hawakualikwa.

Baada ya miaka 10, asilimia 0.98 ya walioalikwa walikuwa wamepata saratani ya utumbo mpana, dhidi ya asilimia 1.20 ya wenzao. Hilo ni punguzo la asilimia 18. Kwa upande wa vifo, tofauti ilikuwa ndogo mno, asilimia 0.28 kwa 0.31, hata isiweze kutenganishwa na bahati tu.

Wapo waliohitimisha haraka kwamba kolonoskopia haina maana. Lakini katika kila watu 100 walioalikwa, ni 42 tu waliofika kupimwa. Watafiti walipokadiria hali ingekuwaje kama wote wangeitikia, punguzo la wagonjwa lilipanda hadi asilimia 31, na la vifo likakaribia nusu. Makadirio hayo yanahitaji tahadhari, kwa kuwa wanaokubali kupimwa mara nyingi ni watu wanaojali afya zao hata kabla ya mwaliko. Tena, miaka 10 ni michache kwa ugonjwa huu. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama vinyama vidogo, viitwavyo polipu, ambavyo huchukua miaka mingi kugeuka. Daktari akivikuta huviondoa papo hapo, na faida yake huonekana baadaye sana.

Njia nyingine ni kupima kinyesi. Mtu huchukua sampuli kidogo akiwa nyumbani na kuipeleka maabara, ambako hutafutwa damu isiyoonekana kwa macho. Kipimo kimoja hugundua takriban robo tatu ya saratani zilizopo, ila huziacha polipu nyingi. Ndiyo maana hurudiwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili.

Ukilinganisha vipimo hivi kimoja kwa kimoja, kamera inashinda. Ukilinganisha programu, mambo hubadilika. Nchini Hispania, utafiti uliotolewa na jarida la The Lancet mwaka 2025 ulionyesha kuwa asilimia 31.8 ya walioalikwa kwa kolonoskopia walishiriki, dhidi ya asilimia 39.9 kwa kipimo cha kinyesi. Baada ya miaka 10, vifo vya saratani hiyo katika makundi yote mawili vilikuwa karibu sawa.

Huko Kaskazini mwa California, taasisi ya afya ya Kaiser Permanente iliamua kutuma vifaa vya kupimia kinyesi kwa posta hadi majumbani. Kati ya mwaka 2000 na 2015, wanachama waliokuwa wamepimwa kwa wakati waliongezeka kutoka takriban asilimia 39 hadi 83. Kiwango cha vifo vya saratani hiyo kilishuka kwa zaidi ya nusu.

Mwitikio nao una gharama zake. Uholanzi ilipoanza programu yake mwaka 2014, majibu yenye damu yalikuwa mengi kuliko ilivyotarajiwa na foleni za kolonoskopia zikarefuka. Ilibidi kiwango cha damu kinachomfanya mtu aitwe kwa kamera kipandishwe, ili hospitali ziweze kumudu. Jibu lenye damu lisilofuatwa na kolonoskopia halimsaidii mgonjwa kitu.

Kwa hiyo, nchi inayopanga kuanzisha uchunguzi huu ijiulize kwanza ni wangapi watakaoitikia na ni wangapi inaoweza kuwafuatilia hadi mwisho.

Nawe msomaji, kumbuka kwamba programu hizi ni za watu wasio na dalili. Ukiona damu kwenye choo, mabadiliko ya haja kubwa yasiyokoma, au ukipungua uzito bila sababu, usisubiri mwaliko wowote. Nenda kamwone daktari.