Kawawa: Nyota wa filamu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu

Njia ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kutumika jijini Dar es Salaam mwaka 2016 ina tawi linaloanzia Morocco na kufuata Barabara ya Kawawa hadi Magomeni. Tawi jingine hupita Mtaa wa Msimbazi, katikati ya Kariakoo, na kuishia Gerezani. Maelfu ya abiria hulitaja jina la barabara hiyo kila siku, na walio wengi wanamfahamu mwenye jina kama Simba wa Vita, Waziri Mkuu wa zamani na msaidizi wa karibu wa Mwalimu Julius Nyerere.

Jambo ambalo halitajwi mara nyingi ni kwamba Rashidi Mfaume Kawawa alionekana kwanza mbele ya umma akiwa mwigizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, takriban miaka kumi kabla ya kuongoza serikali, alikuwa mhusika mkuu katika filamu za mwanzo za hadithi zilizotengenezwa Tanganyika kwa lugha ya Kiswahili. Aidha, swali lililobebwa na filamu hizo, yaani nani ana haki ya kuishi mjini, lilimfuata katika maisha yake yote ya uongozi.

Sinema ya serikali

Wakoloni walianza mapema kuitumia sinema kama chombo cha mafunzo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 lilifanyika jaribio kubwa katika kijiji cha Vugiri, milima ya Usambara, kwa fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani. Filamu fupi kuhusu kilimo, afya na uwekaji wa akiba zilipigwa huko, kisha zikazungushwa kwa gari vijijini. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yake.

Baada ya vita, maofisa walibaini kwamba watazamaji wa mijini hawavutiwi na mafunzo matupu. Wakazi wa Dar es Salaam walikwisha kuzoea filamu za Kihindi na za Kimarekani katika majumba ya sinema, ambayo mengi yalimilikiwa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Wakaguzi wa serikali nao walikuwa na uwezo wa kuiruhusu filamu kwa hadhira nyingine na kuizuia isionwe na Waafrika.

Ndipo serikali ilipoamua kutumia hadithi. Ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili zilizoigizwa na Waafrika wenyewe. Miongoni mwake zilikuwamo Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi.

Kijana kutoka Songea

Kawawa alizaliwa tarehe 27 Mei 1926 katika kijiji cha Matepwende, Songea, na kupata elimu yake ya sekondari katika Shule ya Serikali ya Tabora. Baada ya masomo aliajiriwa serikalini mjini Dar es Salaam, kisha akaingia katika idara ya ustawi wa jamii, ambako alishughulika na elimu ya watu wazima na sinema za kuzungushwa kwa gari. Ni katika kazi hiyo alipochukuliwa kuwa mwigizaji.

Katika Muhogo Mchungu aliigiza mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam bila kuijua mienendo ya mji, akaangukia mikononi mwa walaghai. Watazamaji walicheka. Hata hivyo, nyuma ya kicheko hicho palikuwa na onyo kwamba mji una hila na kwamba mkulima angebaki salama zaidi shambani kwake.

Hadithi ya namna hiyo haikuwa ya Tanganyika peke yake. Mwaka 1949 ilitoka Afrika Kusini filamu ya African Jim, ambayo nayo inamhusu kijana wa kijijini anayeporwa mara tu anapofika Johannesburg. Filamu hiyo ndiyo iliyompatia umaarufu Dolly Rathebe, mmoja wa waigizaji wa kwanza wa kike Waafrika kuwa nyota wa sinema nchini humo. Tofauti ni kwamba Rathebe aliendelea na usanii hadi uzeeni, wakati Kawawa aliuacha baada ya muda mfupi.

Onyo lilikuwa na sababu

Kwa nini serikali ilihangaika kumzuia mkulima asije mjini? Jibu limo katika hesabu ya watu. Dar es Salaam ilikuwa na wakazi wapatao 70,000 mwaka 1948. Mwaka 1957 walikuwa wamezidi 128,000. Wageni wengi walifikia Kariakoo, Gerezani na Ilala, maeneo yaliyokuwa yametengwa kwa ajili ya Waafrika, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiwa mpaka kati yao na Uhindini. Nyumba zilikuwa chache, kodi zilipanda na ajira hazikutosha.

Serikali ilikuwa pia na sheria ya mwaka 1944 iliyoiwezesha kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Wasio na kazi ya kueleweka waliitwa wahuni, wakakamatwa na kurudishwa makwao. Kwa hiyo, yule aliyeiona Muhogo Mchungu jioni aliweza kukutana na ujumbe uleule kesho yake asubuhi, safari hii kutoka kwa askari.

Kutoka skrini hadi chama cha wafanyakazi

Mwaka 1953 Kawawa alipelekwa Urambo kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliozuiliwa huko kutokana na vita vya Mau Mau. Aliongoza pia TAGSA, chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, lilipoundwa mwaka 1955, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza, na baadaye akaacha kazi ya serikali ili kulitumikia.

Hapo nafasi yake iligeuka. Wanachama wa TFL walikuwa makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, wapishi na watumishi wa majumbani, yaani watu walewale ambao filamu ziliwaonya wasije mjini. Sasa mwigizaji wa filamu hizo alidai walipwe ujira wa kuwawezesha kuishi humo.

Septemba 1960 aliteuliwa kuwa Waziri wa Serikali za Mitaa na Nyumba. Januari 22, 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili kukijenga chama cha TANU, Kawawa alishika nafasi hiyo hadi Desemba 9 mwaka huohuo, nchi ilipokuwa Jamhuri. Ni mwaka huo ilipopitishwa sheria ya kuanzisha Shirika la Nyumba la Taifa. Ni mwaka huo pia zilipopitishwa sheria zilizobana haki ya kugoma, nguzo kuu ya vyama alivyotoka kuviongoza.

Ujumbe warudi

Kawawa alikuwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili kuanzia mwaka 1972 hadi 1977. Katika kipindi hicho mamilioni ya wananchi walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi, ambapo watu wasio na ajira waliondolewa Dar es Salaam na kupelekwa mashambani. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliendeleza mwelekeo huo.

Lengo halikuwa lile la wakoloni. Serikali ya kikoloni ilitaka mji wenye Waafrika wachache na watulivu, ilhali serikali ya TANU ilitaka uzalishaji na usawa kati ya mji na shamba. Hata hivyo, kwa kijana aliyekamatwa Kariakoo na kupakiwa kwenye lori, tofauti hiyo ilikuwa vigumu kuiona.

Operesheni hizo hazikuuzuia mji kukua. Kariakoo iliendelea kuwapokea wageni kutoka mikoani, na biashara ndogondogo ikawa njia yao ya kuanzia maisha. Mwaka 2010 lilifunguliwa jengo la Machinga Complex ili kuwapa wafanyabiashara hao mahali maalumu, na mwaka 2021 wamachinga waliondolewa tena katika barabara za Kariakoo.

Kawawa alifariki dunia Desemba 31, 2009, akiwa na umri wa miaka 83, na kuzikwa Madale, nje kidogo ya jiji. Anakumbukwa kwa uadilifu na utii wake kwa chama, na ni haki yake. Historia ya sanaa nchini nayo ina sababu ya kumkumbuka kama mmoja wa Watanganyika wa kwanza kuonekana kwenye skrini wakizungumza Kiswahili. Aliigiza mgeni aliyeshindwa na Dar es Salaam, ilhali yeye mwenyewe, mtoto wa Matepwende, alikuja mjini akaajiriwa, akaongoza wafanyakazi wake na hatimaye akaongoza serikali ya nchi nzima.