Gitaa la Besi Lililojificha Miaka 51

Je, wajua kwamba gitaa lililopigwa kwenye rekodi za mwanzo za The Beatles lilikuwa darini, katika nyumba ya mji wa Hastings kusini mwa Uingereza, wakati mashabiki wakilisaka dunia nzima? Ni gitaa la besi aina ya Höfner 500/1, mali ya Paul McCartney. Liliibwa London usiku wa tarehe 10 Oktoba 1972, na habari za kupatikana kwake zikatangazwa Februari 2024.

Besi ni lile gitaa la nyuzi nne nene linalotembea chini chini pamoja na ngoma. Wasikilizaji wengi hawalitambui mpaka linyamaze, ndipo wanapogundua kwamba wimbo umepwaya.

Kampuni ya Höfner ilianzishwa mwaka 1887 na Karl Höfner, fundi wa fidla, katika mji wa Schönbach huko Bohemia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wajerumani wa eneo lile walifukuzwa, na familia ikaanza upya Bavaria. Mwana wa Karl, Walter, ndiye aliyebuni besi hii katikati ya miaka ya 1950. Akaipa umbo la fidla, na tumbo lake akaliacha wazi ndani kama fidla ilivyo. Wakati huo Leo Fender, kule California, alikuwa akiunda besi zake kwa ubao mzima usio na uwazi. Ndiyo maana Höfner ni jepesi begani. Nyuzi zake nazo ni fupi, kama sentimita 76 za kupigika, ambapo za Fender hufika 86.

McCartney alilinunua Hamburg mwaka 1961. Mpiga besi wa kundi, Stuart Sutcliffe, alikuwa ameamua kubaki Ujerumani na uchoraji wake, na ikabidi mtu ashike nafasi yake. Fender ilikuwa kama pauni 100, pesa ambazo kijana wa Liverpool anayepiga kwenye vilabu vya usiku hakuwa nazo. Höfner lilimgharimu kama pauni 30. Tena yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, na gitaa ambalo pande zake mbili zinafanana halionekani limegeuzwa. Kwa maoni yangu, hakuna uamuzi wa kibahili uliowahi kuzaa matunda mengi kuliko huo katika muziki wa karne iliyopita.

Gitaa hilo lina alama zake. Vinasa sauti vyake viwili, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya zinazokaa chini ya nyuzi, vimebanana upande wa shingo. Besi ya pili ya McCartney, aliyoipata mwaka 1963 na ambayo watu wengi wameiona kwenye filamu, ina kinasa kimoja karibu na shingo na kingine mbali, karibu na daraja la nyuzi. Isitoshe, lile la kwanza lilipakwa rangi upya mwaka 1964.

Hapo ndipo penye kitendawili. Kitu chenye alama nyingi hivyo kinapoteaje nusu karne? Jibu langu ni kwamba umaarufu wake ndio uliolificha. Gitaa la kawaida likiibwa huuzwa, huuzwa tena, na siku moja hutokea dukani. Hili halikuuzika hadharani. Mwizi hakujua amebeba nini, na alipojua alilisukuma kwa bei ya kutupa kwa mwenye baa wa mtaani. Mwenye baa naye angelipeleka wapi? Dalali yeyote mwenye macho angeuliza swali la kwanza, na swali la pili lingekuwa la polisi. Likabaki ndani ya familia, likarithiwa, likapanda darini.

Kwa miaka mingi walioandika kuhusu The Beatles waliamini lilipotelea studio mwaka 1969, basi wakawa wanatafuta mahali pasipo na kitu. Mwaka 2023 Nick Wass, aliyewahi kufanya kazi Höfner, akaungana na wanandoa waandishi wa habari, Scott na Naomi Jones, wakaomba umma uwape taarifa. Fundi wa sauti aliyefanya kazi na kundi la Wings, ambalo McCartney aliliunda baada ya The Beatles, akawaeleza ukweli: vifaa viliibwa ndani ya gari lililoegeshwa eneo la Notting Hill. Kisha akajitokeza mtu mwingine kusema kwamba mwizi alikuwa baba yake. Habari zilipovuma, familia ya Hastings ikatazama upya kile kitu kilichokuwa darini, ikakirudisha kwa mwenyewe. Tarehe 19 Desemba 2024 McCartney alilipiga mbele ya watu katika ukumbi wa O2, London.

Si kila anayedai ana gitaa la kihistoria huaminiwa, na bei za leo zimezaa waghushi hodari. Fundi anayejua kazi yake huanza ndani. Kwa Fender za zamani hufungua skrubu nne na kuitoa shingo, maana kiwandani waliandika tarehe kwa penseli kwenye kisigino chake, na baadaye kwa mhuri. Kisha huangalia vifaa vya umeme vilivyo chini ya vifundo vya sauti. Vimepigwa chapa ya tarakimu: 1376412, kwa mfano, husomeka kuwa 137 ni kiwanda cha CTS, 64 ni mwaka, 12 ni wiki. Gitaa linalosemwa ni la 1961 lakini lina kifaa cha 1964, ama limefanyiwa matengenezo ama mwenye nalo anadanganya. Lehemu ikiwa imeguswa, huonekana. Varnishi ya zamani hung'aa kivyake chini ya taa ya urujuanimno, na palipopakwa upya hujitenga. Mwisho huja picha: mistari ya mbao ni kama alama za vidole, na picha moja safi ya jukwaani yaweza kumaliza ubishi wote.

La McCartney si gitaa pekee maarufu lililoibwa. Mpiga besi Jaco Pastorius alikuwa na Fender Jazz ya mwaka 1962 iliyonyofolewa vyuma vya shingoni, mianya iliyobaki ikazibwa, ubao ukapakwa dawa ngumu ya kukinga mashua. Iliibwa New York mwaka 1986. Yeye akafariki mwaka uliofuata. Ilipoibuka miaka ya 2000 katika duka la mji uleule, ulizuka mgogoro na familia yake, hadi Robert Trujillo wa kundi la Metallica aliposaidia kuigomboa mwaka 2010.

Inayosakwa bado ni ya James Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown aliyebeba nyimbo za Detroit katika miaka ya 1960, mara nyingi bila jina lake kuandikwa kwenye jalada. Fender Precision yake ya 1962 iliibwa siku chache kabla hajafariki tarehe 2 Agosti 1983. Nyuzi zake zilikuwa nzito na laini, na hakupenda kuzibadilisha. Kwenye kisigino cha shingo alichora neno FUNK kwa wino wa buluu.

Gitaa hilo halijapatikana hadi leo. Ukikutana na Precision kuukuu isiyo na historia, iwe dukani au kwa mtu, omba uigeuze uangalie pale shingo inapoungana na mwili. Na kama una gitaa lako mwenyewe, lipige picha leo, mbele na nyuma, uandike namba zake mahali pengine nje ya mkoba wake.