Kipindi cha dini: Wenzao wako darasani, Wakatoliki wanacheza rede!

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba uniruhusu niache kidogo mambo ya mapenzi na mitindo, tuingie uwanja wa shule ya msingi. Usigeuze ukurasa kwanza, maana huku nako kuna mkasa wake. Swali langu ni dogo tu: mtoto wa Kikatoliki anayesoma shule ya serikali huku kwetu Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tandale, huo Ukatoliki wake anauishi wapi na saa ngapi?

Usiniambie kanisani Jumapili. Misa ni saa mbili, tena nusu yake mtoto anachungulia viatu vya mwenzake. Jumatatu hadi Ijumaa, tangu asubuhi mpaka jua linapogeuka, yuko shuleni, kabanwa kwenye dawati na Asha wa kushoto anayesoma madrasa jioni, na Neema wa kulia ambaye ni Mlutheri. Hapo ndipo dini yake inapokaa, atake asitake.

Sisi wakubwa tumeshaigeuza fasheni. Pita Kinondoni jioni uwaone masela na rozari zao juu ya fulana, shanga nyeupe zinawaka kama taa. Nilimwuliza mmoja, kwa heri tu, matendo ya furaha ni mangapi. Akanitazama kama nimemdai hela. "Mwanangu, hii ni cheni tu." Ni matano, kaka, kama unasoma gazeti hili.

Na wazazi nao! Msimu wa Komunyo ya Kwanza ukifika, huku uswahilini ni harusi ndogo. Shela kwa binti, suti ya vipande vitatu kwa kijana wa miaka kumi anayechuruzika jasho, keki ya ghorofa, MC, turubai limefunga njia nzima, na spika zinapiga mpaka usiku wa manane nyimbo ambazo paroko akizisikia atazimia. Sina ugomvi na pilau, mimi mwenyewe huwa nawahi sinia. Lakini hebu muulize baba mwenye shughuli: yule aliyemfundisha mtoto huyu Baba Yetu na Amri Kumi amekaa meza ipi? Mara nyingi utamkuta nyuma kabisa, jirani na jiko, au hakualikwa.

Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie.

Kwa asiyejua utaratibu, shule ya serikali haina dini, ila ratiba yake ina kipindi cha dini. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, halafu inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa lugha ya mtaani ni hivi: serikali inakupa chumba na dakika, mwalimu mlete mwenyewe. Kengele ikilia watoto wanagawanyika. Waislamu wanakwenda kwa ustadhi wao, Walutheri kwa mwinjilisti wao, Wakatoliki kwa katekista. Kama katekista yupo.

Majuzi nilikwenda shule moja huku Temeke, jina naliweka kapuni, kumpelekea mdogo wangu daftari alilosahau nyumbani. Ilikuwa Jumatano na kengele ya dini ilikuwa imeshalia. Darasa la kwanza nililopita, ustadhi anasoma na watoto wanamwitikia kwa sauti moja mpaka bati linatetema. Darasa la pili ni mapambio na makofi. Kutokea uwanjani, nikakuta vumbi tu! Wasichana wanacheza rede, wavulana wanagombania mpira wa makaratasi, na mdogo wangu yuko katikati ya wanaokwepa.

"Ninyi mbona hamsomi?"

"Sisi RC, kaka. Mama hajaja."

Nikapita ofisini kumsalimu mwalimu mkuu. Ni mama wa makamo, amejitanda ushungi wake vizuri, na meza yake imejaa madaftari ya kusahihisha. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu, akaniitikia marahaba mwanangu, akanikaribisha kiti. Nilipouliza habari ya wale wa uwanjani akavua miwani. Akaniambia katekista wao ni mmoja kwa shule tatu, na siku hizi miguu inamsumbua. Yeye mwenyewe, Mwislamu wa swala tano, amekwenda ofisi ya parokia mara mbili kuomba mtu wa pili. Wamemwambia suala linashughulikiwa.

"Watoto wote hawa ni wangu," akasema. "Saa ile wenzao wana mtu, hawa hawana. Mtoto asiye na mtu ndiye anayeruka ukuta."

Jamani, nilitaka ardhi ipasuke. Mtu wa msikitini anahangaikia katekisimu ya watoto wetu, sisi wenyewe tuko kwenye kamati ya keki!

Mwenye nafasi yake atasema, kwani shida iko wapi, si umpeleke mtoto shule ya masista? Ni kweli, zipo nyingi hapa Dar, tena nzuri, na watoto wa Kiislamu wanasoma humo pia. Ila ada yake muuza mchicha wa Tandika haiwezi. Wengi wa watoto wetu wako shule ya serikali na watabaki huko, hasa tangu ada ya msingi ilipofutwa mwaka 2001.

Halafu hapo kuna historia ambayo vijana wengi hatuijui. Zamani shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu kupata nafasi ilikuwa kazi kwelikweli. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitaifisha zile zilizokuwa zikipata ruzuku ya serikali, ili mtoto asiulizwe dini mlangoni. Aliyekuwa Ikulu ni Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mkereketwa, mtu wa misa za asubuhi. Hata St. Francis ya Pugu, alikofundisha mwenyewe mpaka mwaka 1955 alipouacha ualimu kwa ajili ya siasa, ikaingia serikalini. Wapo Wakatoliki waliomnung'unikia kwa hilo. Mimi nasema alifanya sawa, na nitakuambia kwa nini.

Yeye mwenyewe alianza darasa la kwanza mwaka 1934 katika shule ya Mwisenge, Musoma, ambayo haikuwa ya misheni. Ni hapohapo, akiwa na rafiki yake wa shuleni, alipoanza kuhudhuria mafundisho ya dini ya wale Mapadri Weupe. Ubatizo ulikuja baadaye sana, Nyegina, mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 21. Kanisa leo linamwita Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza kwenye safari ya kutangazwa mtakatifu. Sasa piga hesabu mwenyewe: huyo Mkatoliki tunayemringia alianzia kwenye mafundisho ya shule kama hii yetu, akiwa na rafiki pembeni. Lau siku hizo kusingekuwa na mtu wa kufundisha, wangecheza rede.

Jioni yake nikamtafuta mama katekista. Anakaa chumba na sebule, anauza vitumbua alfajiri, na akishamaliza kuosha vyombo ndiyo anajifunga khanga safi kwenda shuleni. Parokia inampa nauli inapopatikana. Miaka kumi na moja! Nilimkuta amelowesha miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Nilitegemea atanilalamikia, wala. Akaanza kunisimulia watoto.

"Mimi siwafundishi waimbe katekisimu kama kasuku," akasema. "Kwanza nawauliza, wiki hii nani amemnyima mwenzake kalamu? Nani amemcheka mwenzake hana viatu? Wakishasema, ndiyo tunafungua kitabu."

Kuna binti wa darasa la tano alikuwa akitaniwa kwa sababu mama yake anaokota chupa za plastiki. Wataniaji wakubwa walikuwa wawili, wote wa Utoto Mtakatifu, wote wanakaa mbele kanisani na skafu zao. Mama hakuwachapa. Aliwaambia Jumamosi waende kwa yule binti wakamsaidie kupanga chupa, halafu warudi wamweleze walichokiona. Walirudi wakasema mama yake huwa anaamka saa tisa. Utani ukaishia hapo.

Nikimsema Utoto Mtakatifu usidhani ni kikundi cha kupiga picha. Ni shirika la kipapa, tena la kale: lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, na Papa Pius XI akalipa hadhi ya kipapa mwaka 1922. Yule askofu aliwaomba watoto vitu viwili tu, Salamu Maria moja kwa siku na senti moja kwa mwezi, kwa ajili ya watoto wenzao wa China ambao wasingewaona maishani. Mtoto kumsaidia mtoto, basi. Huku kwetu tumeongeza skafu, gwaride na mashindano ya ngonjera, mambo mazuri, ila ile senti moja sijui imedondoka wapi njiani.

Lakini kisa kilichonifanya niandike leo ni hiki. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia Machi 5, kwa hiyo mifungo miwili ikakutana dawati moja. Siku hiyo kijana mmoja wa darasa la nne alitoka misa ya alfajiri moja kwa moja mpaka mstarini, majivu yake kipajini. Mwalimu wa zamu, mgeni pale shuleni, anakagua usafi. Akamwona.

"Wewe, kanawe uso!"

Mtoto akabaki amesimama. Hasogei, hajibu, machozi yanamlengalenga. Kunawa hataki, kumbishia mwalimu anaogopa. Aliyefungua mdomo ni jirani yake wa dawati, mtoto wa Kiislamu, na swaumu yake ya kwanza kwanza ile ya kuhesabu saa.

"Mwalimu, huo si uchafu. Na wao funga yao imeanza leo."

Mwalimu akacheka, akapita.

Saa nne mapumziko yakafika. Unajua mapumziko ya shule zetu, mihogo ya kukaanga, ubuyu, kashata, barafu za mifuko. Mama katekista anasema alimkuta yule wa majivu nyuma ya ofisi ya walimu, amejibanza ukutani anatafuna muhogo wake peke yake. Akamuuliza anamkimbia nani. Mtoto akajibu hataki rafiki yake amwone anakula. Kesho yake hakununua kabisa, wakakaa wote wawili chini ya mwembe wanapiga stori mpaka kengele. Kwa sheria za Kanisa hakulazimika kitu chochote, maana kujinyima nyama kunaanza mtu akitimiza miaka 14, na kufunga miaka 18. Hakuna aliyemwagiza.

"Somo kama lile sijawahi kulipanga mimi," mama akasema, huku akiongeza maji ya moto kwenye beseni.

Sasa weka kisa hicho pembeni, ukumbuke cha pili, ambacho wa Mbagala hatuhitaji kukumbushwa. Oktoba 2012 watoto wawili, mmoja Mkristo mmoja Mwislamu, walibishana juu ya Kurani, na katika ubishi ule kitabu kitukufu kikadhalilishwa. Ubishi wa watoto! Ndani ya muda mfupi umati ulikuwa kituo cha polisi, na makanisa kadhaa yakavunjwa na kuchomwa moto. Waliobeba mawe hawakuwa wa darasa la tano. Ila mimi huwa najiuliza, watoto wa umri ule wanaambiwa na nani habari za dini ya mwenzao? Kama si mwalimu, ni kijiweni, na wewe unavijua vijiwe vyetu.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kipindi cha dini ni jambo dogo, eti watoto watafundishwa nyumbani. Nyumbani wapi? Baba anarudi saa nne usiku, mama yuko gengeni, dada yuko kwenye simu. Jumuiya ndogo ndogo tunazo, tangu maaskofu wa kanda yetu walipozipa kipaumbele mwaka 1976, na Jumamosi alfajiri tunasali vizuri kabisa. Tunachangia ujenzi, tunachangia misiba, tunachangia sare za kwaya. Katika jumuiya yetu sijasikia hata siku moja ajenda ikiwa: shule hizi za mtaani kwetu, Jumatano nani anakwenda?

Na mwisho wa muhula mama anahamia Mkuranga kwa binti yake, miguu imekataa. Nilikwenda ofisi ya parokia kuuliza nani atazishika zile shule tatu. Karani, mama mchangamfu, akafungua daftari, akapitisha kidole juu mpaka chini, akalifunga. Kisha akanitazama mimi.

"Wewe si umemaliza kidato cha nne? Jumatano huwa unafanya kazi gani?"

Jumatano iliyopita nilimbebea mama mkoba wake mpaka shuleni. Watoto walikuwa arobaini na tisa, Biblia ilikuwa moja, na chaki tuliazima kwa mwalimu mkuu.