Wewe Unauza Geto, Mteja Anatafuta Chumba

Oya, sogea hapa kwenye benchi, kahawa leo nalipa mimi. Nina stori ya mwana mmoja wa hapa Dom.

Jamaa ni dalali wa vyumba. Kijiwe chake kipo Majengo, na mji mzima uko kichwani mwake: kila fensi kuanzia Nkuhungu mpaka Ilazo, bibi gani anataka kodi ya miezi sita mkononi, mzee gani anafunga geti saa nne usiku hata uwe mtoto wake wa kumzaa. Mwaka jana akajichanga, akamlipa dogo wa chuo amtengenezee tovuti. Ikatoka kali, picha zimenyooka, rangi zinawaka. Juu kabisa, kwa herufi za kutisha, akaandika: MAGETO YA KIBABE DOM, BEI CHEE. Halafu akakaa kusubiri maokoto. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Simu zilizoingia ni mbili tu. Moja ya bimkubwa wake akiuliza hiyo tovuti inaliwa ama vipi, nyingine ya mtu aliyekosea namba.

Akanifuata sura imekunjamana. "Mwana, hawa Google wananibania."

Nikamchana laivu. "Shangazi yako mwalimu, akihamishiwa huku kutoka Tanga leo jioni, atashika simu aandike 'mageto ya kibabe'?"

Kimya. Akaagiza chipsi mayai, nikajua darasa limeanza.

Lugha yetu ya mtaani ni tamu, wala siibezi. Wakenya wana Sheng yao, sisi tuna ya kwetu, na pale kijiweni ukisema "geto" kila mtu anaona godoro, sabufa na jiko la gesi. Shida ni kwamba mtu akifika mbele ya kile kiboksi cha kutafutia, anabadilika. Anakuwa rasmi kidogo, kama yuko dirishani anaongea na karani. Mtu huyohuyo aliyekwambia jana "mwana nitafutie geto", usiku akiwa peke yake anaandika "chumba cha kupanga Dodoma". Halafu kuna wale wasioijua kabisa lugha ya kijiwe chako, na Dom hao ni wengi. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 kwenye huu mji. Ya 2022 ikakuta 765,179. Makao makuu yamehamia kweli, wizara ziko Mtumba, wanafunzi wanamiminika UDOM, Chuo cha Mipango, CBE na St. John's. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inamtoa mtu Dar asubuhi na kumshusha hapa kabla hajaamua atakula wapi mchana. Mgeni huyo hana shemeji Chang'ombe wa kumuuliza. Wa kumuuliza ni simu yake.

Sasa dawa ya tovuti kama yake inaitwa SEO, na watu wanaifanya kama uganga. Hakuna tunguli hapo. Ni kuandika ukurasa wako kwa namna ambayo Google akiulizwa swali fulani, aone kwamba jibu lipo kwako. Na kabla hujaandika, ujue swali lenyewe linaulizwaje. Kifaa cha kutafuta maneno kinakufanyia hiyo kazi: unakipa neno, kinakurudishia maneno ya jirani ambayo watu wanayaandika, na makadirio ya yanaandikwa mara ngapi kwa mwezi.

Cha kuanzia ni Keyword Planner ya Google wenyewe, iliyotoka 2013. Ni bure, ila imefichwa ndani ya duka la matangazo, na mlangoni wanakusukuma uandae tangazo la kulipia. Ukilazimika kuliandaa, lisimamishe hapohapo kabla halijaanza kula mpunga wako. Ukishaingia, weka eneo liwe Tanzania. Usipoweka hivyo unaweza kujikuta unafurahia namba za watu ambao hawatapanda bajaji ya kwenda Kisasa hata siku moja. Na usishangae namba zikija kwa mafungu mapana: 10 mpaka 100, 100 mpaka 1,000. Asiyetumia hela kwenye matangazo anapewa makadirio ya jumla namna hiyo. Yanatosha. Sisi tunataka kujua neno gani limezidi lipi, hatuandai bajeti ya serikali.

Kuna vifaa vya kulipia, kina Semrush na Ahrefs, wakali kweli, lakini vifurushi vyao vya kawaida vinazidi dola 100 kwa mwezi. Kwa hela hiyo si bora ukapange chumba, tena chenye tailizi? Anayeanza hana haja navyo. Twende.

Mwana akaandika neno lake la kwanza: "nyumba za kupangisha". Hapo ndipo nikaona kosa ambalo dalali yeyote wa Kiswahili angelifanya, na huwezi kulikuta kwenye yale mafunzo ya Kizungu ya YouTube. Anayepangisha ni mwenye nyumba. Mpangaji anapanga. Kitenzi kilekile, ila kiambishi kidogo pale mkiani kinakuhamisha upande wa meza. Dalali kutwa anaongea na wenye nyumba, ulimi wake umezoea upande wao: inapangishwa, ya kupangisha. Mteja anaandika upande wake: ya kupanga. Tukaanza kuyapima yote, moja moja. Nyumba ya kupanga, nyumba za kupanga, nyumba inapangishwa. Chumba cha kupanga, vyumba vya kupanga. Chumba master, kwa sababu hilo neno limeshakuwa Kiswahili utake usitake. Chumba na sebule.

Umeona balaa? Mwingereza akitaka wingi anabandika herufi moja mwishoni, kazi imeisha. Kwetu neno linabadilika kichwani na kuwaburuza majirani zake wote: kiwanja kinauzwa, viwanja vinauzwa, kiwanja cha kuuza, viwanja vya bei nafuu. Kwa mtu ni kitu kilekile. Kwa kifaa, mara nyingi ni vitu vinne tofauti, kila kimoja na namba yake. Kwa hiyo ukipima neno moja tu la Kiswahili ukakuta linasuasua, usikate tamaa wala usitangaze kwamba Watanzania hawatafuti. Geuza ngeli. Geuza kitenzi. Nunua na uza, panga na pangisha, ajiri na ajiriwa. Kama Kiswahili cha shule kilikuboa, pole, ndiyo hicho kimerudi kudai deni.

Na maneno yenye sura moja yanaweza kuwa na nia mbili. Chukua "hoteli". Mbunge anayekuja kikao cha Bunge anawaza kitanda na kiyoyozi. Fundi wa Nzuguni akisema hoteli anawaza wali maharage. "Gesti" ni mtu mwingine kabisa, bajeti nyingine, na maswali mengine ambayo hatutayajadili hapa. "Lodge" ipo katikati. Kifaa hakitakwambia nani anawaza nini. Kinakupa hesabu tu. Nia unaisoma mwenyewe: liandike lile neno Google, uangalie kurasa za kwanza zinauza nini. Zikiwa zote za vitanda na wewe unauza wali, hapo si kwako, sepa.

Kuna safu moja pale kwenye Keyword Planner imewaingiza wengi mjini. Inaonesha ushindani: wa chini, wa kati, wa juu. Mwana akaona "wa chini" kwenye neno la viwanja, akaruka kwenye kiti. Nikamwambia tulia. Huo ni ushindani wa wanaolipia matangazo. Hausemi lolote kuhusu ugumu wa kupanda juu bila kulipa. Neno linaweza kuwa halina watangazaji kabisa lakini ukurasa wa kwanza umekaliwa na tovuti za serikali na magazeti, na hao huwatoi kwa picha nzuri.

Namba ile ya mwezi nayo ni wastani, na wastani unaficha msimu. Dom ni mji wa misimu kuliko unavyodhani, na sisemi zabibu tu, ambazo zenyewe zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Bunge la bajeti linaanza Aprili linakwenda mpaka mwishoni mwa Juni, vyumba vya kulala vinakuwa dhahabu. Vyuo vikifungua, karibu na mwisho wa mwaka, ni hosteli na vyumba vya UDOM kila kona. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka Januari, nchi nzima inatafuta kitu kimoja. Ili kuona mawimbi haya ingia Google Trends, bure pia, haitaki hata akaunti. Ila ielewe: namba zake ni 0 mpaka 100, na 100 maana yake ni kilele cha neno hilo kwa muda uliouchagua. Si watu mia. Nimeshaona mtu mzima kabisa akijisifu kwamba biashara yake inatafutwa na watu mia. Nikamkaushia.

Na neno likija na sifuri je? Hapa kwetu utakutana na sifuri nyingi, hasa ukitaja mtaa. "Chumba cha kupanga Iyumbu" linaweza kukuletea mstari mtupu. Google wenyewe wamesema kwa miaka mingi kwamba kama asilimia 15 ya wanayoulizwa kila siku hayajawahi kuulizwa kabla. Kwa hiyo sifuri mara nyingi maana yake ni kwamba wachache wanaandika hivyo, au kifaa hakijakusanya vya kutosha, na huyo mmoja anayeandika jina la mtaa kabisa ameshajua anachotaka. Huyo ni mteja. Yule wa "nyumba Dodoma" labda anaota tu.

Tukarudi kwenye tovuti. "Mageto ya kibabe" tukaishusha chini, ikabaki kama utani karibu na namba ya simu, maana jamaa aligoma kuifuta. Juu pakaandikwa "Vyumba na nyumba za kupanga Dodoma". Kila mtaa ukapata ukurasa wake: Kisasa, Ilazo, Area D, Ipagala, Nkuhungu. Bei zikawekwa wazi, hela ya dalali ikatajwa ni ya mwezi mmoja. Hatukurundika neno moja mara arobaini kama mganga wa kienyeji kwenye nguzo ya umeme. Google wanakuadhibu kwa hilo, na msomaji anakuona kituko.

Simu zikaanza. Si mafuriko, usidanganywe na wanaokuahidi mafuriko. Moja, mbili, halafu wiki kavu, halafu tatu. Ila kilichonifurahisha kilitoka kwenye Search Console, kifaa kingine cha bure ambacho unakiunga na tovuti yako kinakuonesha maneno halisi yaliyowafikisha watu kwako. Tuliifungua baada ya miezi miwili. Katikati ya majina ya mitaa, palikuwa na watu walioandika kuhusu maji. Chumba chenye maji. Nyumba ya kupanga yenye kisima.

Mwana akacheka mpaka akakohoa. Miaka yote anatembeza watu anawasifia tailizi, dari, fensi ya umeme. Kazaliwa Dom, kazoea ndoo na simtanki, kwake mgao wa maji ni kama jua la saa saba, hausemwi. Kwa mgeni aliyetoka kwenye mji wenye bomba usiku kucha, maji ndilo swali la kwanza, na alikuwa anamuuliza Google kwa aibu ya kumuuliza dalali. Siku hizi kila chumba pale kwenye tovuti kina mstari wa maji: siku yanayotoka, tenki la lita ngapi, kisima kipo ama hakipo. Huo ndio mstari anaoulizwa zaidi kwenye simu.

Wewe unayeuza mvinyo wa hapa, alizeti ya Singida au asali ya Manyoni, usianze na kulipia chochote. Leo usiku, bando la jero likiwa bado lina uhai, andika Google jina la unachouza, weka nafasi, halafu usibonyeze kitu. Soma yale mapendekezo yanayoshuka. Kisha mpe simu mama yako, au mgeni yeyote asiyejua kijiwe chenu, mwambie atafute hichohicho. Mwangalie anavyoandika, na usimsahihishe.